Gari Lililokaa Eda

Bagamoyo,
Jumapili, Agosti 1971

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini mkono wangu haukubali kuanza barua kwako bila shikamoo. Nimekaa hapa barazani, cherehani nimeisukuma pembeni, na magauni matatu ya watu yananisubiri. Yasubiri. Leo nina habari, na habari yenyewe ni ya furaha, ndiyo maana nimeshindwa kuikalia.

Gari lako linatembea.

Ngoja nianze mwanzo, maana nakujua. Ungekuwa hapa ungeniambia, "Tatu, usinipe mkia wa samaki kabla ya kichwa."

Siku uliyotuacha, gari lilikuwa ubavuni mwa nyumba, pale pale ulipoliegesha mwenyewe ulipotoka Makurunge na magunia ya nazi, ukasema kifua kinakubana. Tulilifunika kwa turubai. Mama akaingia eda, na gari nalo likawa kama limeingia eda pamoja naye: halitoki, halitembelewi, limejifunika gubigubi. Shangazi Zuhura hakukosa la kusema. Kila akipita alilipiga turubai kofi dogo na kuliambia, "Pole, mke mwenza." Mama alimsikia kutoka ndani. Mara ya kwanza kumsikia Mama akicheka tangu uondoke ilikuwa kwa neno hilo. Nikaenda kujificha jikoni nikalia. Wala sijui nililia nini, maana nilikuwa nimefurahi.

Sasa mdogo wako, Baba mdogo Athumani. Hana ubaya, unamjua, ila akishika jambo halimtoki. Alimpata mnunuzi, mtu wa Vigwaza, aliyetaka injini aifunge kwenye mashine ya kusaga, na bodi alifanye banda la kuku. Nawe unakumbuka gari lilivyokuwa siku zako za mwisho: ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele mtaa mzima, lenyewe linajikokota kama mtoto anayekwenda kuchapwa. Mafundi wawili walikuja, wakafungua boneti, wakafunga. Walisema gia za otomatiki hawazijui, na zikiharibika ni za kutupa. Baba mdogo akapata nguvu. "Gari lisilo na klachi," akasema, "lina ugonjwa wa kuzaliwa nao. Dawa yake haipo."

Nilitaka kumjibu kwamba gari hili ulilinunua kwa sababu hiyo hiyo, maana goti lako la kushoto lilikuwa limekataa klachi. Sikusema. Mama ndiye aliyesema, tena kutoka nyuma ya dirisha, kwa kuwa yumo ndani ya eda na shemeji yake haonani naye. Basi mjumbe nikawa mimi, ingawa Baba mdogo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka dirishani na anasikia kila neno.

"Tatu, mwambie ba'mdogo wako hivi. Siku nikitoka eda, gari hilo ndilo litakalonipeleka Kerege kwa Rehema. Likinifikisha, linabaki. Lisiponifikisha, amwite mtu wake wa Vigwaza, na mimi sitanyanyua mdomo."

"Tatu, mwambie mama yako nimesikia."

"Mwambie nimesikia kwamba amesikia."

Nikabaki katikati nageuza shingo kama feni.

Kerege ni kwa sababu ya mtoto. Rehema amejifungua, Baba. Mvulana. Amepewa jina lako. Hili nilitaka kuliweka mwisho wa barua, limenitoka. Mama ndani ya eda yake, mdogo wangu ndani ya arobaini yake, ikawa hakuna wa kumfuata mwenzake. Mama alikuwa akimjua mjukuu kwa kuhadithiwa tu: ana nywele, hana nywele, analia kama nani.

Kwa hiyo zilibaki siku sita Mama atoke eda, na gari bovu, na mimi.

Unakumbuka zile galoni mbili za oili nyekundu ulizozileta kutoka Dar es Salaam ukazisukuma chini ya kitanda? Ulisema, "Jumapili tutamwaga oili ya zamani ya giaboksi, mimi na wewe, tutie hii. Huenda gari likapata nafuu." Jumapili hiyo haikutufikia. Galoni zilikuwa bado zipo, na Mama alikuwa akifagia akizizunguka, hazigusi. Nilipozitoa aliniangalia tu. Kisha akanipa kanga yake kuukuu ya kufutia mikono.

Nilifanya kama ulivyonifundisha kwenye kazi nyingine. Jeki haiaminiwi, niliweka magogo ya mnazi chini ya fremu na mawe kwenye magurudumu, nikalitikisa gari kwa mabega mpaka niliporidhika. Nikavaa suruali yako ya shamba, nikajifunga kanga juu yake, nikaingia chini. Shangazi akaleta kigoda akakaa kabisa kuangalia.

"Haya! Akija mtu kuposa leo, ataanza kukuona nyayo."

Nikamwambia ndiyo vizuri, akizipenda nyayo na kilichobaki atakizoea.

Nilitega karai, nikalegeza bolti za lile bakuli la chini ya giaboksi, upande mmoja kwanza ili oili ishuke taratibu. Baba, haikuwa nyekundu hata kidogo. Ilitoka nyeusi kama kahawa ya siku ya pili, na ilinuka maandazi yaliyoungua. Shangazi alisogeza kigoda nyuma. Bakuli nililisugua, na chujio nikaliosha kwa mafuta ya taa mpaka likapitisha mwanga. Gasketi ya zamani ilikuwa imekauka, ikakatikia mkononi. Hapo ndipo ungenicheka. Nilinunua karatasi ngumu ya gasketi, nikaitandaza juu ya meza ya kushonea, nikaliweka bakuli juu yake nikalizungushia chaki, nikakata kwa mkasi wangu kama ninayekata kola. Matundu ya bolti niliyatoboa kama vifungo. Kola haikupata kunikalia vizuri hivyo!

Bolti pia nilizikaza kishonaji. Sikukaza moja mpaka mwisho. Nilipiga bandi kwanza, zote kidogo kidogo, hii na ya ng'ambo yake, ndipo nikarudia kukaza. Halikuvuja hata tone. Nakuambia hivyo kwa sababu najisifu, na wewe ndiye pekee ninayeweza kujisifu mbele yake bila haya.

Kisha nikatia oili mpya na kupima. Kila alfajiri, ukitoka msikitini, nilikuona ukivuta kile kijiti cha kupimia oili, ukikifuta kwa kitambaa cheupe, ukikizamisha tena. Injini kwanza, kisha giaboksi. Ukasema mara mia, "Oili hupimwa gari likiwa limelala." Basi nikapima gari likiwa limelala. Oili ikafika kwenye alama. Nikashukuru.

Betri ilikuwa imekufa, miezi minne si mchezo. Asubuhi ya pili yake Mzee Salehe wa lori la samaki akaja na nyaya zake, akaliwasha kwa betri ya lori lake. Injini ikaitika! Akakunja nyaya akaniambia, "Mwanangu, mimi naondoka na samaki. Usilizime, ukilizima umekwisha." Akaenda zake.

Nikaketi kwenye kiti chako. Nikaweka gia, nikaachia breki, nikakanyaga mafuta taratibu. Injini ikalia. Gari likasimama. Nikaongeza. Injini ikalia zaidi, na gari likasimama vile vile.

Baba mdogo alikuwa amekuja kutazama, na majirani wanne.

"Linafanya nini?" akauliza. "Linanuia swala?"

Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka, lingekuwa gari la mtu mwingine. Akasogea karibu na dirisha la nyumba. "Tatu, mwambie mama yako ..." Halafu akanyamaza mwenyewe, maana kule dirishani hakukusikika kitu. Mama alikuwepo, niliona kivuli chake. Baba, kimya kile. Bora angelia.

Nikashuka nikachungulia chini nikidhani gasketi yangu imenisaliti. Pakavu. Nikataka kupima oili, nikakumbuka siwezi kulizima, Mzee Salehe ameshaondoka. Nikasimama na kijiti kile mbele yangu kama mtu aliyekatazwa chakula. Gari liko macho, na sheria ya Baba ni kulala. Nikasema, Baba nisamehe, nikakivuta.

Kikavu. Kilikuwa kikavu kabisa, Baba. Jana yake kilikuwa kimelowa mpaka kwenye alama.

Nilikipima mara tatu. Ndipo nikaelewa, na nilielewa kwa kisima chetu. Ukienda kisimani alfajiri kabla hajafika mtu, maji yako juu. Nenda wakati wanawake wote wanateka, utavuta kamba mpaka mkono uchoke. Gari likilala, oili ya gia yote hushuka ikakaa chini kwenye bakuli, kijiti kikalowa. Likiamka, oili hupanda kufanya kazi, na hapo ndipo utajua kama inatosha. Sisi tulikuwa tukikipima kisima alfajiri.

Kwa hiyo nitakuambia, na nina haki ya kukuambia kwa kuwa nakupenda: ulikosea. Miaka miwili ulitoka kila alfajiri na kitambaa chako cheupe, ukapima, ukasema "Alhamdulillahi, imejaa," na gari masikini likaenda na kiu yake. Hakuna gari Bagamoyo lililotunzwa kama lile, na ni matunzo hayo hayo yaliyokaribia kuliua. Nilianza kucheka pale pale, mikono imejaa oili. Nilicheka kwa sababu nilikuona, Baba, nilikuona kabisa, jinsi ambavyo ungekunja kitambaa, ukatazama pembeni, ukasema, "Hata mimi nilikuwa na mashaka." Majirani wakadhani nimechanganyikiwa.

Nikachukua galoni ya pili, nikaweka faneli, nikawa natia kidogo, napima, natia kidogo, napima, injini inanguruma. Hakuna aliyecheka tena. Ilipofika alama, nikarudi kwenye kiti. Nikaweka gia.

Gari likashtuka kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye usingizi. Likaondoka.

Liliondoka polepole kama bibi harusi, halikurusha hata kokoto. Shangazi Zuhura akapiga kigelegele, na katikati yake akajiziba mdomo kwa viganja viwili, kwa kukumbuka kwamba nyumba bado ina eda. Sauti ikatoka dirishani: "Tatu, mwambie wifi yangu amalize alichokianza."

Akamaliza. Nadhani hata Zinga walikisikia.

Juzi Ijumaa Mama ametoka eda. Walimwogesha alfajiri, wakamfukiza udi, dua ikasomwa, tukala. Kisha akatoka nje akiwa na kanga mpya na akakunja uso kwa sababu ya jua. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi unamsubiri, maana siku zote alikaa nyuma na Shangazi. Akaupita. Akafungua wa mbele, akaketi kando yangu, akaweka pochi mapajani. Baba mdogo akaingia nyuma bila kuulizwa, na Shangazi akamwambia ajibane, banda la kuku ni dogo.

Barabara ya Kerege ina mchanga mwingi msimu huu, lakini gari lilipita. Baada ya Kiromo nikaona Mama haangalii njia, anaangalia miguu yangu. Aliangalia kwa muda mrefu. Mwishoni akasema, "Pedali ni mbili tu?"

Nikamwambia ndiyo, mafuta na breki.

"Mbili! Miaka yote hiyo baba yako akijitia udereva, akishuka akisema amechoka, aletewe maji, kumbe ni mbili tu!"

Nililazimika kusimamisha gari mpaka nimalize kucheka. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa, na hapo hapo, kwenye kukohoa kwake, nilimsikia analia. Mama akageuka, akamsemesha mwenyewe bila kunipitisha mimi. Alimwambia kwa upole, "Lilikuwa na kiu tu, shemeji. Nenda ukamwambie hivyo huyo mtu wa Vigwaza."

Tulifika. Rehema alikuwa mlangoni na mtoto. Mama alimpokea, akamtazama, akamnusa shingoni. Sitakuandikia zaidi ya hapo. Kalamu yangu haiwezi. Nitakuambia tu kwamba ana nywele.

Leo asubuhi nilisikia mlango wa gari. Nikatoka nikamkuta Mama ameketi kwenye kiti cha dereva, peke yake, viatu amevivua ameviweka nje kama anayeingia msikitini, miguu yake juu ya pedali zote mbili. Hakuona haya. Aliniambia, "Usisimame hapo. Njoo unionyeshe."

Nitamwonyesha, Baba, ninakuahidi. Tutaanzia njia ya Makurunge, ambako ni pana na kuna mbuzi tu. Sitampigia kelele kama ulivyonipigia mimi, na akifika shambani ulikolala atakusimulia mwenyewe, maana najua anaongea nawe akidhani hatusikii.

Mola akupe nuru na nafasi hapo ulipo. Nami mwanao, usinisahau.

Tatu