Nasifiwa kwa Faili Aliloliokoa Dada Dorothea

Shangazi Cecilia, shikamoo. Nina aibu ambayo hata mke wangu sijamwambia, naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze. Nina miaka ishirini na sita, natengeneza mifumo ya kompyuta katika ofisi moja hapa Dodoma, na mwaka huu tulipewa kazi ya mfumo wa kuwatumia wakulima wa zabibu wa Makutupora jumbe za simu za kuwaonya ukungu unapotaka kushambulia mizabibu, mimi nikapewa kuandika jumbe zenyewe, nikakaa na wakulima wiki tatu tukiziandika kwa Kiswahili na Kigogo, zikafika mia moja na kumi na mbili, zote kwenye faili moja.

Sasa shangazi, ile programu tunayoandikia kazi zetu huweka alama pembeni ya majina ya mafaili, herufi ndogo zenye rangi, na mimi tangu chuoni sikuwahi kuzielewa, nikiona nyekundu najua kuna kosa, nikiona kijani najua mambo safi, na faili langu lilikuwa na U ya kijani. Siku moja dada Dorothea, mwenzetu wa miaka arobaini na nane aliyeanza kama karani wa masjala akajifundisha mwenyewe kuandika programu, alisimama nyuma ya kiti changu akaniuliza, "Lameck, hiyo U unaijua?" Nikajibu haraka, "Naijua dada, faili liko salama." Hakunicheka. Alisema tu kwa sauti ya chini, "Liingize kwenye kumbukumbu ya mradi, ile ya kompyuta ya ofisi, leo hii, na mimi nitumie nakala nikisome hicho Kigogo." Nakala nilimtumia, hilo la kwanza nikalipuuza.

Siku mbili kabla ya kuuonyesha mfumo kwa wakulima, chai ilimwagikia kompyuta yangu ikazima moja kwa moja, nikakimbilia kompyuta ya ofisi nikiamini kila kitu kipo, faili halipo, ndipo nilipojua kwamba ile U ilikuwa inaniambia siku zote kuwa mradi haujalitambua faili hili, liko kwangu tu. Nilikaa sakafuni. Dada Dorothea akaja na ile nakala, tena ameshakinyoosha Kigogo chote maana ndiyo lugha ya mama yake, akaiingiza na kuandika jina langu, si lake. Siku yenyewe simu zililia ukumbi mzima, mama mmoja mkulima akasoma ujumbe kwa sauti akacheka kwa furaha, mkurugenzi akaniinua mkono, na aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Dorothea. Sasa mkurugenzi anataka niongoze timu na niende Ihumwa kuwafundisha wafanyakazi wapya. Nilimwambia dada nataka kusema ukweli, akanijibu, "Achana nayo, kazi imepona, inatosha." Sijawahi kuona mtu wa namna hii. Ninyamaze kama alivyosema, au niseme nipoteze nafasi?

Lameck, Dodoma

Marahaba, Lameck. Nimekusikiliza mpaka mwisho, sasa zamu yako.

Kutojua alama si dhambi, mimi mwenyewe sizijui. Kosa lako ni kujibu "naijua." Mwenzako alikupa nafasi ya kuuliza bila kuaibika, nawe ukajifanya mjuzi. Halafu umejaza barua nzima kumsifu, na yeye hajasikia hata neno moja. Sifa za kuninong'oneza mimi gazetini zitamfaa nini?

Amekuambia uachane nayo kwa sababu ana moyo mkubwa, na huo moyo nimeupenda. Lakini kukusamehe ni haki yake. Kunyamaza si haki yako.

Kesho asubuhi mwambie, "Dada, nakwenda kusema." Usimwombe ruhusa, atakukatalia. Kisha ingia kwa mkurugenzi: faili lilipotea kwa uzembe wangu, Dorothea ndiye aliyeliokoa, na kile Kigogo kilichomfurahisha yule mama amekinyoosha yeye. Usilie, usijitetee. Ukinyimwa uongozi, kubali, bado una umri wa kuupata kihalali. Jioni nunua daftari, kaa naye akufundishe alama moja baada ya nyingine, na usilolielewa uliza hata mara tano.

Na mkurugenzi akikuuliza nani basi aende Ihumwa, usizungukezunguke. Mtaje Dorothea kwa jina lake kamili, mlango ukiwa wazi, ofisi nzima isikie.