Mkono Uliousikia Kila Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiamini kwamba umeamka vizuri, kwamba mguu haukusumbui sana, na kwamba Mama amekubali uketi nje upate hewa badala ya kukufungia ndani kama mabakuli ya wageni. Yeye pia mfikishie shikamoo yangu, na umwambie dawa yake ya macho nimeipata, nitakuja nayo mwenyewe. Sisi huku hatujambo. Mkwe wako ni mzima, wajukuu wako wanakua na kumaliza viatu. Mimi nipo, mwili hauna neno, ila moyo umekosa utulivu kabisa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Najua utashangaa mtu mwenye simu mkononi anaandika barua ya nini. Baba, wiki hii nimekupigia mara tatu kwa ajili ya jambo hili hili. Mara ya kwanza tukaishia kuzungumza habari za paka wa Mama. Mara ya pili nilikuuliza kama mvua imenyesha, ukanijibu kwamba nilikuuliza hivyo jana yake. Mara ya tatu ulianza kuniita binti mwema kabla sijamaliza kukuamkia, nami nikameza maneno yangu yote. Barua haikatizwi. Nakuomba uisome mwenyewe, kwa miwani yako, mpaka mwisho, kabla hujamwita mtu.

Kazini mambo ni mengi. Shughuli yetu unaijua: daktari analeta alama za vinywa vya watu, sisi tunamimina plasta, tunapata taya, kisha juu ya taya tunajenga meno ya bandia. Msimamizi wetu, yule ninayemwita Bwana Mkasi kwa jinsi anavyokata likizo za watu, safari hii amenipa siku kumi bila hata kukunja uso. Alisema nikapumzike. Wiki iliyopita nilimpangia mzee wa watu chonge mbili za kushoto kwenye taya moja, moja ikakaa upande wa kulia, kitu ambacho sijawahi kukifanya tangu nianze kazi, na mzee huyo alipojitazama kwenye kioo aliuliza kama tumemtengenezea meno ya kuchekea au ya kutishia wajukuu. Wenzangu walicheka mpaka machozi. Mimi nilikwenda chooni nikakaa huko, maana nilijua mawazo yangu yalikuwa wapi.

Yalikuwa kwenye Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Sasa nije kwenye gitaa. Mwaka jana nilipokwambia kwamba nimenunua gitaa la kisasa la kujifunzia, uliniuliza swali moja tu, kama lina nyuzi sita. Nilijibu ndiyo, na sikusema uongo. Lakini hujawahi kuliona, kwa hiyo acha nikueleze. Nyuzi zake sita ziko upande wa mkono wa kulia tu, fupi, urefu wa kiganja. Shingoni hakuna uzi hata mmoja. Kuna vitufe, na kila kitufe kina taa. Linaunganishwa na simu. Unachagua wimbo, taa zinawaka pale unapotakiwa kuweka vidole, unabonyeza, unapiga, na sauti inatoka kwenye spika iliyo tumboni mwake. Ukimaliza, simu inakupa nyota, kuanzia moja hadi tano, kama mwalimu anayesahihisha madaftari.

Nililinunua kwa ajili yako, na hilo nadhani unalijua. Ulipougua na mkono wako wa kushoto ukakataa kufumba, Mama aliniambia umegeuza kiti chako ili usitazamane na gitaa lako pale ukutani. Aliniambia unakula kitandani, na kwamba muuguzi akikupa ule mpira wa kufinya unauweka chini ya mto. Niliona kwamba katika watoto wako wote hakuna aliyewahi kushika hata uzi mmoja, na nikaona haya. Kwa hiyo mimi, mwenye miaka arobaini na miwili na vidole vilivyojaa plasta, nikajitosa.

Kwenye simu kulikuwa na nyimbo nyingi, lakini zenu hazikuwemo. Mkwe wako ndiye aliyepata njia. Alichukua ile kanda ya bendi yenu, akaiingiza kwenye simu, na programu ikasikiliza gitaa lako, ikalipanga lote kuwa taa. Wiki ya pili tu nilipata nyota nne. Wiki ya tatu, tano. Kichwa kilinivimba, Baba, sina namna nyingine ya kusema. Nilimwambia mkwe wako kwamba damu haifichiki, nikajirekodi, nikakutumia.

Rekodi hiyo uliipata asubuhi. Jioni ukanipigia. Ulisema ile noti ya tatu kwenye utangulizi naichelewesha kama unavyoichelewesha wewe, na kwamba jambo hilo hukumfundisha mtu yeyote, hata wale vijana walioingia bendi baadaye. Ulisema sasa hata ukifumba macho una amani, muziki umebaki nyumbani.

Tangu siku hiyo nikawa nakutumia wimbo mmoja kila Jumapili. Mama akawa ananiletea habari. Kwamba umekigeuza kiti. Kwamba unakula mezani. Kwamba mpira umetoka chini ya mto na unaufinya mpaka muuguzi anakuomba upumzike. Kwamba majirani wanaitwa kila Jumapili waje wasikie binti wa nyumba hii. Kila habari ilinijaza furaha, nami nikazidi kutuma.

Baba, miezi miwili iliyopita mkwe wako alikuwa akipanga kabati. Unamjua alivyo, husoma kila karatasi inayopita mbele yake, hata ile inayokuja na dawa ya mbu. Akakikuta kijitabu cha gitaa, ambacho mimi sikuwa nimekifungua tangu siku ya kwanza kwa sababu taa zilitosha kunionyesha. Akakaa nacho kwenye kochi kama mtu anayesoma gazeti. Alipofika ukurasa wa thelathini na moja akaniita. Kwenye ukurasa huo imeandikwa kwamba gitaa linatoka kiwandani likiwa na msaada wa kurekebisha. Maana yake, ukibonyeza kitufe kisicho sahihi, linatoa noti iliyo sahihi. Ukiwahi, linakusubirisha. Ukichelewa, linakuvuta. Linafuata wimbo kama lilivyofundishwa, wewe ukipiga vyovyote. Kuuzima msaada huo kuna alama ndogo pembeni ya kioo cha simu, ambayo siku zote nilidhani ni ya kuongeza mwanga.

Niliigusa ile alama, nikapiga wimbo wako. Sitakueleza sauti iliyotoka. Wajukuu wako walikuja mbio kutoka chumbani wakidhani kuna kitu kimeanguka. Simu ikanipa nyota moja, nadhani kwa huruma.

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nakutumia. Gitaa lilikuwa limejifunza kutoka kwenye kanda yako. Ile noti ya tatu, Baba, ni wewe uliyeichelewesha, miaka yote hiyo iliyopita, ukiwa kijana mwenye mikono miwili mizima. Uliyekuwa unamsifu mbele ya majirani ni wewe mwenyewe. Mimi nilikuwa nabonyeza tu, na mashine ikinivika kilemba cha ukoka.

Ilinipasa kukwambia siku ile ile. Nilishika simu. Mama akapokea, akaninong'oneza kwamba umefumba mkono kwa mara ya kwanza, kidole cha mwisho kimegusa kiganja, na kwamba umelala na tabasamu. Baba, ningeanzaje? Nikasema nilipiga kuwasalimu tu. Jumapili nikauwasha tena ule msaada, nikakutumia wimbo. Hapo sasa sikuwa mtu aliyekosea. Nilikuwa mwongo, na nilijua hivyo.

Lakini kati ya Jumapili na Jumapili niliuzima. Nimejifunza upya, kila siku baada ya kazi, kwenye stoo ya karakana, katikati ya rafu za mataya ya plasta yaliyonikenulia meno yote. Fundi wa magitaa wa mtaa wa nyuma ameniazima gitaa la mbao la kweli, maana nilitaka kujua nyuzi ndefu zikoje. Zinauma. Siku za kwanza vidole vilitoka malengelenge, nikawa nashika nta ya meno kwa vidole viwili tu. Nimejikaza kisabuni. Sasa ninaweza kuupiga wimbo wako wa kwanza tangu mwanzo hadi mwisho, polepole, kwa makosa matano au sita siku ikiwa njema, na kumi siku nikiwa na wasiwasi. Na wasiwasi siku hizi hauniachi. Nashtuka simu ikilia. Chakula hakipandi wala hakishuki.

Maana katikati ya mazoezi hayo ndipo uliponiambia habari ya Jumamosi. Kwamba wenzako wa bendi waliobaki, wote wanne, wanakuja nyumbani: Besi, Mzee Vijiti, Tarumbeta na yule mnayemwita Mchungaji kwa sababu hajawahi kumaliza wimbo bila kutoa nasaha. Kwamba umewaambia nafasi yako imepata mtu. Kwamba gitaa lako litashushwa ukutani, uniwekee mapajani, nami nipige mbele yao. Lako, lenye nyuzi ndefu, lisilo na taa wala huruma. Niliitikia. Nilitoa sauti ya kufurahi, kisha nikakata simu na kukaa sakafuni.

Nimefikiria kuugua. Nimefikiria kusema nimevunjika kidole, na siku moja nilitazama mlango wa stoo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Mkwe wako aliniuliza ninaogopa nini hasa, nikamjibu kwamba siogopi kuaibika mbele ya wazee wanne. Ninaogopa ukijua utaweka mpira chini ya mto tena. Hilo ndilo, Baba. Hakuna jingine.

Sasa nimefika mahali pagumu, nivumilie.

Jumapili moja, wiki tatu zilizopita, nilishindwa kuendelea. Nilikutumia wimbo nikiwa nimeuzima msaada. Ulikuwa mkono wangu mtupu, na sikuandika neno lolote. Nilijiambia utasikia mwenyewe, utauliza, nami nitakiri. Jumatatu hukunipigia. Jumanne pia. Jumatano ukanipigia, na swali lako la kwanza lilikuwa nani yule aliyegusa gitaa langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba ni jirani wa juu, anajifunza.

Ulicheka kidogo, kisha ukawa makini kama ulivyokuwa zamani ukirudi mazoezini. Ulisema jirani huyo ana sikio, lakini mkono wake una woga, anakimbilia mwisho wa wimbo kama mtu anayetoroka mvua. Ulisema kidole chake cha tatu hakijui kusubiri. Ulisema makosa yake ni ya mtu anayesikiliza, na kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuachwa peke yake. Ukaniambia nimlete, kwa sababu mimi sina tena cha kujifunza kwako, lakini huyo anaye wa kumfundisha, na mkono wako wa kulia na mdomo wako bado vinafanya kazi.

Tangu hapo kila tukizungumza unauliza habari za jirani. Umeuliza kama amepunguza mbio. Umeuliza anafanya kazi gani, nikasema ya mikono. Mama ameniambia unamwandalia jirani mazoezi, wewe unayataja naye Mama anayaandika kwenye daftari, na limefika kurasa tisa. Ameniambia hajakuona na shughuli kama hiyo tangu uugue. Na nimegundua, Baba, kwamba kwa wiki tatu hizi hujaniuliza kuhusu muziki wangu hata mara moja.

Juu yetu hakuna jirani. Sisi ndio ghorofa ya mwisho. Juu yetu kuna bati na tangi la maji. Yule mwenye mkono wa woga ni mimi, na yule uliyemsifu miezi yote ile hakuwa mimi. Naomba unisamehe. Nimekudanganya wewe, Mama, na majirani waliokuja kwa heshima yako.

Sikuombi uamue leo kuhusu wenzako. Ukiwaambia wasije, nitaelewa, na nitampigia kila mmoja kumwomba radhi mwenyewe. Ukiwaacha waje, basi waambie ukweli, wajue wanakuja kumsikia nani. Mimi nitafika Alhamisi asubuhi, siku tisa kabla ya Jumamosi hiyo. Lile gitaa la taa ninaliacha huku. Nakuja na vidole vyangu na dawa ya Mama.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na muuguzi mwambie nashukuru sana kwa moyo wake. Mkwe wako anasema shikamoo, na anaomba usimkasirikie kwa kusoma kijitabu. Mama mbusu, umwambie daftari asilifiche.

Mwanafunzi wako, kama utanipokea,

Chiriku