Mashine na Fundi Wake

Jumatatu, 8 Septemba 1913

Masizi tena. Tangu asubuhi nasugua mabomba ya mashine na pua bado inatoa weusi. Maganga amesema sasa nimefanana na babu zangu Wazaramo kabla Wanyamwezi hawajawafundisha kuoga. Yeye ndiye mchochea moto wangu. Ni Mnyamwezi, mtani wangu, basi kukasirika siruhusiwi. Nimemmwagia maji machafu. Kazi imeendelea.

Mashine hii ya mvuke imelima bonde lote la chini ya Mlali, inakokota plau kwa moshi na makelele, na hakuna aliyewahi kuipangusa hata uso. Leo inauzwa ndipo inaogeshwa. Mambo ya dunia.

Jumanne, 9 Septemba

Chanzo ni mpira, huu unaogemwa mitini. Bei imeanguka huko Ulaya, Bwana Haraka, Mdachi mwenye shamba, anafunga na kurudi kwao. Leo ameniita kuniuliza mashine yafaa kiasi gani. Nimefurahi kuulizwa. Nimemwambia ukweli wote: tanuri zima, tangi linavuja kidogo kwenye mshono, gurudumu moja limelika meno. Akaandika rupia elfu mbili na mia tano. Kisha chini yake akaandika bei nyingine, elfu tatu, mashine pamoja na fundi wake.

Kwa hiyo mimi ni rupia mia tano. Zaituni mke wangu amesema nimepunjwa. Tumecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu hatukucheka tena.

Alhamisi, 11 Septemba

Mjomba wa Zaituni ameshuka kutoka mlimani. Habari zimemfikia. Kwa Waluguru mwenye neno ni mjomba, na ardhi ni ya ukoo wa mama. Mume ni mtu wa kuja. Neno lake lilikuwa fupi: "Mashine ikienda, wewe ifuate. Mwanetu habanduki hapa."

Nikikataa kwenda, Bwana Haraka anakosa mia tano zake, na hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya Wadachi, hazijafutwa nchi hii. Mgongo wangu hauna kinyongo na mtu, ningependa ubaki hivyo.

Naogopa. Naipenda mashine, sioni haya kusema. Zaituni nampenda zaidi, na hilo ndilo naona haya kumwambia.

Jumamosi, 13 Septemba

Mnunuzi anafika kesho kwa treni. Anatoka Tabora. Tabora! Huko si kwenda, ni kuhama.

Nimesugua shaba kwa majivu na ndimu. Nimepaka vyuma mafuta ya nyonyo. Shetani alinishauri niache kutu ionekane, mnunuzi aingiwe na shaka. Mkono ukakataa. Sasa inang'aa kama bibi harusi na mimi ndiye niliyempamba aende kwa mwingine. Mjinga mimi.

Maganga ameniona nimenuna, nimemweleza yote. Amesema nimwachie yeye. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Jumapili, 14 Septemba

Bwana Haraka na mgeni wake wamefika, wamekuta msiba.

Maganga na Wanyamwezi wenzake wamelizungushia bomba la moshi shuka nyeupe, sanda kabisa. Wanalia kwa sauti. Mmoja amelala mbele ya magurudumu. Maganga anataja sifa za marehemu: mlafi wa kuni, mlevi wa maji, kazi yake kukoroma mchana kutwa, na mumewe Mzaramo hakuwahi kumnunulia hata kanga. Ndivyo watani wanavyofanya msibani, na maiti haipiti mpaka wapewe chochote. Maganga alidhani Mzungu hatanunua kitu kilichokwisha kuzikwa.

Mnunuzi alivua kofia. Akaizunguka mashine taratibu, akaigusa ubavuni kama mtu anayempa pole mjane. Kisha akamwambia Bwana Haraka kwamba mashine inayopendwa hivi na watu wake haiwezi kuwa mbovu. Amekubali elfu tatu bila kuomba apunguziwe. Pamoja na fundi. Maganga amepewa rupia nzima ili aondoe maombolezo njiani.

Nilitaka kumnyonga. Lakini alikuwa ameketi chini, mikono kichwani, rupia imemwangukia mchangani wala haokoti.

Jumatatu, 15 Septemba

Wazo limenijia nikinawa uso. Tabora ni kwao Maganga! Ameichochea mashine ile miaka yote, anajua kila kikohozi chake. Nimemuuliza kama anataka kwenda. Amesema mama yake yu hai, hajamwona tangu aje pwani na mizigo ya watu.

Nimekwenda kwa Bwana Haraka. Nimesema fundi yupo mwingine, ajaribiwe.

Maganga ameipeleka mpaka njia ya Mlali na kurudi. Kwenye kona ya mtaro, pale ninapopiga bismillahi mimi mwenyewe, alipita akiimba. Mnunuzi ameitikia kwa kichwa, ila amepunguza mia moja. Bwana Haraka amevimba, kisha akasaini. Mgongo wangu mzima.

Kwa hiyo Maganga ni mia nne, mimi mia tano. Nimemkumbusha mara nyingi. Anasema mimi nilipimwa pamoja na tumbo.

Jumamosi, 20 Septemba

Stesheni ya Morogoro. Mashine imefungwa minyororo juu ya behewa la wazi, Maganga juu yake, kwenye kiti changu. Tumetukanana mpaka treni ikaondoka. Watu wa stesheni walidhani ni ugomvi.

Nimelia. Si moshi. Nimelia tu.

Jumapili, 28 Septemba

Tumehamia mlimani, kwa kina Zaituni. Nalima kwa jembe. Viganja vimejaa malengelenge, kiuno si changu. Matuta yangu yanapinda. Zaituni ananifuata nyuma akiyanyoosha, mabega tu yanacheka. Jana nimemwambia lile nililoona haya kumwambia. Amesema alikuwa akijua.

Asubuhi mjomba alikuja, akanitazama, akaninyang'anya jembe na kuondoka nalo. Nikadhani nimefukuzwa shambani. Nimekaa juu ya jiwe, sijui nishike nini.

Amerudi adhuhuri. Ametia mpini mpya, mrefu, wa kimo changu. Amenirudishia mkononi. Tumelima wote watatu mpaka alasiri.