Mashati Meupe ya Meneja

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo karakanani kwako, wewe, mkeo na wale watoto wenu wenye kelele. Natumai mgongo umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, meno yaliyobaki bado yanatafuna. Nakuandikia kukujulisha kwamba kaka yako nimekifunga kile kiwanda cha chuma.

Haya, sijakifunga. Hata sasa naandika huku napangusa masizi kwenye karatasi. Nilichokifunga ni mdomo wa meneja, tena kwa muda wa kumeza mate tu. Lakini nisikilize.

Unajua tangu kiwanda kije, udobi wangu umenawiri. Mtu anavaa shati asubuhi, mchana kola imekuwa kama kitako cha sufuria. Wateja wamejaa, nimenunua mashine ya kufulia, nimeezeka bati jipya. Ila hatuaniki tena nje. Nguo zote zinakaukia chumbani, madirisha tumeyaziba kwa nailoni, nasi tumo humo humo na mvuke wake. Tukitoka nje, moshi. Shati la meneja linalindwa lisiguswe na hewa. Mapafu ya shemeji yako nani anayalinda?

Maana anakohoa, ndugu yangu. Zamani nilimtania kwamba anashindana na king'ora cha kiwanda. Siku hizi simtanii. Analala ameketi, mito mgongoni. Daktari alimpima, akasema anachohitaji ni hewa safi. Nikamuuliza inauzwa duka gani la dawa, akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Basi juzi walizindua bomba la pili la moshi. Meneja alikuja mwenyewe kunialika, akasema wageni wanataka kumwona mtu wa mtaa aliyeinuliwa na kiwanda. Nikatia koti, nikaenda. Akanisimamisha mbele ya watu, akasema uchumi umekua, na ushahidi ni huyu mzee: jana alikuwa na beseni, leo ana mashine. Wakapiga makofi. Mwanamume mzima nimesimamishwa kama mbuzi wa mnada! Ushahidi gani mimi? Mbona hawakumleta shemeji yako akohoe kwenye kipaza sauti?

Jua likawaka, wakubwa wakavua makoti. Hapo ndipo watu walipoanza kucheka. Mashati niliyowapelekea asubuhi, yamekunjwa vizuri, kifua cheupe kama maziwa, kumbe migongo yote ina michirizi ya kijivu. Meneja akaniuliza kwa ukali hiyo ni kazi gani. Nikamnyang'anya kipaza sauti. Nikamwambia ni kazi ya bomba lake la kwanza, na kwamba kama huo uchumi wao umekua kiasi hicho, basi uanze kujifulia. Mtaa mzima ukalipuka. Yeye akameza mate, kisha akakata utepe kana kwamba hakuna aliyesema neno. Bomba la pili likaanza kufuka hapo hapo, na wageni wakapiga makofi tena! Wana moyo wa jiwe watu hao. Kesho yake wakachukua nguo zao zote, na ovaroli za wafanyakazi wakampa dobi mwingine.

Sasa mtaani naitwa shujaa, nami naitikia. Lakini wewe sikufichi. Mashati yale hayakuanikwa na mimi. Mimi nilikuwa kwa kinyozi, najipamba nikasimame na wakubwa. Ni shemeji yako aliyeyatoa nje, akipumzika kila akibana kibanio kimoja, migongo ameielekeza bombani. Akayapiga pasi, akayakunja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alitaka nao waivae hewa anayoivuta yeye. Mimi ningeyakaushia ndani kama kawaida, ndugu yangu. Tayari nilishaanza kuyasikia yale makofi.

Wasalimie wote, na mkeo mwambie asinipikie, maana sikai. Namleta shemeji yako Jumamosi, abaki kwenu.

Nawe usisahau, ulioa ndani ya suti ya mteja wangu, na hadi leo hujasema asante. Nilipe hivi: mfungie kamba ya nguo hapo uani, penye jua, iwe chini asinyooshe sana mikono. Anataka kuanika shuka nje na kulianua likiwa bado jeupe.

Ni mimi kaka yako,
Mzee Pasi