Ulichokiweka Ndani ya Foku Yangu

Baba Kulwa, huko uliko Geita,

Sikuulizi hali. Hali yako naipata kwa madereva wa bodaboda wanaotoka huko, tena wananiambia bila kuulizwa. Nakuandikia kwa sababu mdogo wako alikuja juzi hapa Nyahanga, akakaa kwenye benchi langu, akazunguka weee na habari za mvua na bei ya pamba, mwisho akasema umemtuma. Eti umechoka na Geita. Eti unataka kurudi nyumbani. Nikamwambia jibu nitalitoa mwenyewe kwa maandishi, na nakala nitaibandika hapa kibandani, anayejua kusoma asome.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa na baiskeli ya baba, nyuma nimefunga gunia la mpunga, naelekea nyumbani Didia. Wewe na wenzako mlikuwa mnatoka mnadani. Niliwapita. Ukanifukuza ukipiga kengele mpaka karibu na kwetu, ukafika unahema, na badala ya salamu ukasema, "Dada, tairi lako la nyuma linayumba. Simama nikuwekee sawa." Wanaume wengine walikuwa wananiletea soda. Wewe ulikuja na spana. Nilikupenda siku ile ile, na sioni aibu kuliandika hilo.

Tukahamia Kahama, tukazaa mapacha, ukafungua kibanda chako cha ufundi wa baiskeli. Kisha ukaniletea ile baiskeli ya milima ya mtumba, nyeusi, yenye foku ya shokapu, ule uma wa mbele unaobonyea na kurudi. Uliifungua foku mlangoni kwetu, juu ya gunia, ukanionyesha kila kitu: springi, sili za kuzuia vumbi, bushi ambazo miguu ya foku inapanda na kushuka ndani yake. Doto alikuwa anatambaa, akachota grisi akajipaka usoni, tukacheka mpaka ukashindwa kushika bisibisi. Chini ya shingo ya foku ulichora kwa msumari K na D, majina ya watoto. Ukaniambia, "Shika breki ya mbele, usukume usukani mbele na nyuma. Ikigonga, bushi zimekwisha. Usiteremke mlima na foku inayogonga, mama Kulwa. Itakuua."

Maneno yako hayo. Nimeyahifadhi jinsi ulivyoyasema.

Nilianza kushindana mbio za baiskeli, nikawa nashinda. Ulikuwa unajigamba kwa watu kwamba baiskeli yangu unaiandaa wewe. Halafu yakaja yale mashindano ya wanawake kule Geita. Ulitangulia safari, ukasema unaipeleka baiskeli mapema ukaisafishe na kuijua njia. Asubuhi ya mashindano nikashika breki, nikasukuma usukani kama ulivyonifundisha. Haikugonga. Uliyenifundisha kuipima ndiye uliyejua namna ya kukidanganya kipimo.

Kwenye mteremko wa pili foku ilizama, haikurudi. Gurudumu la mbele likakata upande. Nilipozinduka nilikuwa na udongo mdomoni, meno mawili hayapo, mtulinga umevunjika. Aliyeshinda siku ile alikuwa Nyamizi, binti wa Geita ambaye nilikuwa nimemshinda mara zote. Wakati mimi napakiwa kwenye gari, wewe ulikuwa kwenye mstari wa kumalizia unampigia makofi.

Ulikuja hospitali baadaye. Nilitegemea pole. Ukaniambia mbele ya wagonjwa wengine, "Nilikwambia mwanamke aliyezaa apunguze fujo. Baiskeli ilikuwa nzima. Wewe ndiye huwezi." Kahama nzima ikalisikia hilo. Baada ya hapo ukasema unaenda Geita kutafuta maisha, ukaniacha mkono umefungwa shingoni na watoto wawili wasioweza kujivisha nguo.

Mama yako ndiye aliyekuja kunisaidia. Siku moja tukiwa uani nikamwomba anishikie ile foku niifungue, maana mkono mmoja haukutosha. Aliikumbatia kama mtu anayemzuia mbuzi. Nikavuta. Miguu ilikuwa imechunika, imepakwa rangi ya fedha. Bushi zimekwisha, umezizungushia karatasi za nailoni na kushindilia grisi nzito ili zisigonge. Na mahali pa springi, Baba Kulwa, palikuwa na vipande vya kandambili.

Mama yako akachukua kipande kimoja, akakigeuza, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, hiki si kiatu?"

"Ni kiatu, mama."

"Nani amekiweka humu?"

Nikapapasa chini ya shingo ya foku. Hapakuwa na K wala D. Haikuwa foku yangu. Mama yako alinitazama usoni, akaelewa, akaketi chini pale pale kwenye mchanga. Tangu siku hiyo hajalitaja jina lako ndani ya nyumba hii.

Wengine wangelia. Mimi nilikasirika vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayeanza kazi. Mkono ulipopona niliichukua foku hiyo hiyo mbovu. Nikaenda kwa mchonga vyuma, akanichongea bushi mpya za shaba. Nikaisugua miguu kwa msasa laini uliolowa oili mpaka ikawa laini kama kucha. Sili nikapata za pikipiki, nikazikata zikaenea. Springi niliharibu kadhaa kabla ya kupata inayonifaa. Kila nilipokaza nati nilikuwa nakuwaza, na sikuwa nakuwazia mema.

Mashindano yalipotangazwa tena nikarudi Geita kwenye njia ile ile. Wewe ulikuwa fundi wa Nyamizi, na kila mtu alijua ni zaidi ya fundi. Uliponiona ukacheka, ukauliza kama nimekuja na bandeji zangu. Nikapanda baiskeli yangu. Kwenye mteremko ulioning'oa meno sikushika breki hata kidogo. Nilimpita Nyamizi pale pale.

Alipofika mstari wa kumalizia nyuma yangu, bado anahema, nikamfuata, macho yangu kwenye foku yake. "Dada, hongera. Hiyo foku umeitoa wapi?"

"Baba Kulwa aliniletea. Alisema kainunua Mwanza."

"Inamia uangalie chini ya shingo."

Akainama. Akafuta vumbi kwa kidole. "K na D. Ndiyo nini?"

"Watoto wetu. Kulwa na Doto. Aliichomoa kwenye baiskeli yangu mkesha wa siku ile niliyoanguka, akaniwekea kandambili."

Uso wako wakati ule, Baba Kulwa! Ningekuwa na uwezo ningeutundika ukutani. Wanawake wote wenye baiskeli walikuwa wamesimama pale wanasikiliza. Nyamizi aliomba spana kwa mtu, akaifungua foku mwenyewe, akanikabidhi, kisha akaondoka na baiskeli isiyo na mbele ameibeba begani. Wewe ukabaki na kisanduku chako cha vifaa. Nasikia tangu siku ile hakuna anayekuachia hata tairi uzibe.

Foku yangu iko kwenye baiskeli yangu. Ile uliyonibadilishia nimeitundika mlangoni pa kibanda ulichokiacha, ambacho sasa nafanyia ufundi mimi, na kandambili zako nimezifunga kwa waya pembeni yake. Kila mteja anauliza. Kila mteja namweleza, na jina lako nalitaja lote, la kwako na la baba yako. Mapadre wananiambia nisamehe. Nawaambia nimesikia, ila bado sijasamehe. Nilidhani hasira itaisha nikishinda. Haikuisha. Nimegundua ninaweza kuishi nayo, ninapika nayo, ninalea nayo watoto, na usingizi naupata.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Njoo. Sitakuzuia. Ila njoo mchana, watu wakiwa wamejaa. Nitakuamkia kama mgeni, nitakupa kiti na maji ya kunywa. Kisha mbele ya mama yako na mbele ya wanao, ambao sasa wanaelewa kila kitu, nitakuuliza swali moja: ulitaka nivunjike, au ulitaka nife? Utajibu kwa sauti, wote tusikie. Ukishajibu, nitapokea bilauri yangu, nawe utainuka kwenye kiti, maana kuna wateja wanasubiri.

Aliyekuwa mke wako, fundi wa Nyahanga,
Mama Kulwa