Mama, Nilikujibu Hapana

Shikamoo, Mama.

Najua hutaitikia. Nimeandika hivyohivyo kwa sababu mkono umekataa kuanza kwa namna nyingine, na kwa sababu miaka yote saba niliyokujua sikuwahi kukuambia neno bila kukuamkia kwanza. Safari hii nina neno zito. Nililibeba ukiwa hai, nikalibeba ukiwa wodini, nikalibeba mpaka kule kwenu Momela tulipokulaza nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nilitupa udongo wangu kama wengine, kisha nikarudi nalo huku mjini, Themi.

Lakini nianze na habari, maana ungeniambia, "Upendo, habari kwanza, machozi baadaye."

Mfuko wako wa kuwasaidia mawakala wa bima wanaoanza upo. Watu bado wanashangaa kusikia kuna msaada wa watu wa bima, kana kwamba kila anayetembea na mkoba wa fomu ana nyumba Njiro kwa matajiri. Hawajui mwaka wa kwanza wa wakala ulivyo. Mshahara hakuna, kuna kamisheni, na kamisheni haiji mpaka watu wakuamini, na watu hawamwamini aliyevaa viatu vilivyoachama. Wewe ulilijua hilo kuliko sisi. Ndiyo maana uliwazungukia wastaafu wa bima wa mji huu mmojammoja, wachangie kodi ya chumba na ada ya mtihani wa uwakala kwa wanaoanza, na watoe makoti yao ya ofisini ambayo hawayavai tena. Kabati la makoti limejaa. Lile la bluu lenye bega moja juu kuliko jingine, mpaka leo hakuna anayelitaka.

Mzee Zakaria, mkaguzi wetu wa magari mstaafu, uliyekuwa ukimtania kwamba hukagua hata chai kabla ya kuinywa, bado yuko kwenye kamati na bado anakagua chai. Kiti chako cha uenyekiti walinipa mimi. Sikukiomba. Ulisema mwenyewe kitandani, mbele yao, "Upendo anatosha," nami nikanyamaza.

Sasa kuna msichana anaitwa Nembris. Alianza kazi ukiwa tayari umelazwa, kwa hiyo hukumwona. Ni mtoto wa wafugaji, kwao ni juu kidogo ya Ngaramtoni, na ofisi ikamtuma hukohuko kwao kuuza bima ya mifugo. Fomu inataka idadi ya ng'ombe, na wakala ahakikishe kwa kusimama zizini awahesabu mwenyewe. Unajua kule kulivyo. Ng'ombe wa mtu hawahesabiwi. Ukinyoosha kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, umewaitia balaa. Na zizi lenyewe lilikuwa la mzee wa rika la baba yake, mzee ambaye binti huyu tangu utotoni amemwinamia kichwa kumsalimia. Nembris aliona haya. Alisimama langoni, akakadiria kwa macho, akaandika.

Wewe ulikuwa na dawa yake. Hukuuliza wangapi hata siku moja. Ulimwambia mwenye mali, "Baba, hebu nitajie," naye akaanza: yule mweusi mwenye baka usoni, yule mwekundu, mama yake yule wa kijivu. Kila mmoja ulimwandika kwenye mstari wake, na mistari ukaenda kuihesabu ofisini, mbali na zizi. Ulinifundisha hilo mwezi wangu wa kwanza. Kumfundisha Nembris ilikuwa kazi yangu, nikasema nitaifanya matanga yakiisha. Sikuifanya.

Ugonjwa ukaingia zizini. Ukijumlisha waliokufa na waliobaki, walizidi walioandikwa. Kampuni ikasema mzee ameleta mizoga ya jirani ili alipwe. Mzee wa watu akaitwa mwizi mbele ya wanawe. Hakugombana na mtu. Alimgeukia tu Nembris akamuuliza, "Mwanangu, uliandika nini?"

Nembris alirudi mjini akaandika kwa mkono wake kwamba mzee hana kosa, yeye ndiye aliyeandika bila kuhesabu. Mzee akapata fidia yake. Nembris akasimamishwa kazi siku hiyohiyo.

Ndipo akaja kwetu. Anaomba ada ya mtihani na kodi ya chumba, kwa sababu ofisi imesema akifaulu itamrudisha. Tusipomsaidia anarudi kwao, na bima ndiyo basi tena. Nikampa fomu yetu, ile yenye swali lako moja pale chini kabisa: "Umewahi kuandika usichokiona?" Na sheria yako inajulikana. Anayesema ndiyo hapewi kitu.

Akaandika ndiyo. Mwandiko wake mkubwa, wa kitoto kidogo, na hakuongeza maelezo. 

Mama, sasa nisikilize.

Siku uliyonihoji ulikuwa na hindi la kuchoma. Ulilivunja katikati ukanipa nusu yenye punje nyingi, ukasema mtu hahojiwi na njaa. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Kisha ukaniuliza swali lako, ukiniangalia machoni, nami nikakujibu, "Hapana, Mama," mdomo umejaa mahindi yako.

Siku tatu kabla ya hapo ofisi ilinituma huko kwenu mlimani, nikakague mashine ya kumenya kahawa ya mkulima mmoja. Mvua ilikuwa inanyesha. Pikipiki iliteleza mara mbili, nikaona bonde lilivyo chini, nikaogopa kufa kwa ajili ya mashine ya mtu. Nikamwambia dereva ageuze. Nikampigia mwenye mashine simu, akaniambia mashine ni nzima, nikaandika: nimekagua. Mashine ile haijapata shida mpaka leo. Hiyo ndiyo bahati yangu yote. Mimi na Nembris tulifanya jambo moja, ila mashine haifi kwa ugonjwa, na yeye aliposema ndiyo mimi nilisema hapana.

Nikavaa koti ulilonichagulia. Nikalala kwenye chumba ulichonilipia. Nikafaulu mtihani, ukanishika mashavu mbele ya watu pale sokoni kama vile umenizaa. Nilikupenda sana, Mama. Na kila ulipowaambia wageni, "Huyu hajawahi kuniandikia uongo," niliinuka nikaenda kuwaletea chai.

Kwa nini sikusema? Mwanzoni niliogopa kukosa chumba. Baadaye niliogopa uso wako. Mwishoni ulikuwa mgonjwa, nikajiambia sitaki kukuongezea maumivu, na huo ndio ulikuwa uongo mtamu kuliko wote.

Jumamosi tulikaa kikao, kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa. Mzee Zakaria alisoma fomu ya Nembris mara mbili. Akasema anamhurumia binti huyu, lakini sheria ya marehemu haiguswi, na mwenyekiti afunge shauri. Wote wakanitazama. Nilifungua mdomo ili nifunge, kweli kabisa, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Nikashindwa. Mficha uchi hazai. Nikawaambia yote, mvua, pikipiki, simu, mahindi.

Mzee Zakaria aliweka kikombe chini. "Alikufa hajui?"

"Alikufa hajui."

Akaniambia nitoke nje wazungumze. Nilikaa ngazini karibu na Nembris, aliyekuwa akisubiri jibu, naye akadhani nimetoka kumletea habari mbaya. Akanishika mkono akaniambia, "Pole, dada." Mimi ndiye niliyepaswa kumpa pole. Nikalia hapo kwenye ngazi za kanisa, na wanakwaya wanapita na madaftari yao, wakanipisha kwa adabu.

Walituita pamoja. Nembris amepewa, ada na kodi na koti. Swali lako litabaki palepale, ila anayejibu ndiyo ataitwa aeleze, hatafungiwa mlango. Mimi nimeondolewa kwenye kiti. Mzee Zakaria hakunifokea. Alisema tu kwamba kiti nilikipata kwa jibu lisilo la kweli, kwa hiyo nikiache, na mwenye kutaka kunisaidia anisaidie kukiacha vizuri. Tangu siku hiyo ananijibu salamu kwa ufupi. Ana haki.

Kazi moja wameniachia, kuwapeleka wanaoanza kwenye mazizi na mashamba na kuwaonyesha namna ya kuandika. Nakuahidi hili: kabla sijamfundisha mtu kuorodhesha rangi za ng'ombe, nitamsimulia habari ya ile mashine niliyoikagua kwa simu, na sitasema "kuna wakala mmoja." Nitasema mimi. Jumatatu naanza na Nembris, Ngaramtoni, kwa mzee yuleyule. Ametukubalia tuje. Hatujui atatupokeaje.

Watu wananiambia ungenisamehe. Wanasema kwa wema, kunituliza. Mimi sijui, na hakuna wa kunijibu, kwa sababu nilikuwa na miaka saba ya kukuuliza nikaitumia yote kunyamaza. Hilo nitazeeka nalo.

Nenda salama, Mama. Ulimsaidia mtu usiyemfahamu, ukampenda, ukamwachia kiti chako. Ndiye huyu anayekuandikia. Niulize tena swali lako.

Ndiyo, Mama. Niliwahi.

Upendo wako