Mahali Tai Alipotazama

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba Baba ameamka leo bila yale maumivu ya nyonga. Mimi sijambo, kwa maana kwamba nasimama na natembea. Mgongo umekuwa wa mzee na magoti yanalia kuliko mlango wa stoo. Ukiniona utadhani mimi ndiye niliyekutangulia kuzaliwa.

Nimepata barua yako. Unataka nilete ile picha ya tai, iliyokuzwa, itundikwe mbele ya kitanda cha Baba apate cha kutazama. Kabla sijakujibu, nikueleze ilivyopatikana, maana hukuwahi kufika kule mlimani.

Kumpiga picha tai kwa karibu ni kazi ya kukaa. Kibanda changu cha turubai kilikuwa hatua ishirini tu kutoka kwenye jiwe analopenda kutua, na akiona mtu ameingia humo, hatui siku nzima. Kwa hiyo tuliingia wawili, mimi na Baba, kisha Baba akatoka peke yake na kushuka mlima huku akipunga mikono. Tai akiona mtu ameondoka, anaamini kibanda ni kitupu. Baba alikuwa akisema ndege huyu anaona panya kutoka mawinguni lakini kuhesabu mpaka mbili kumemshinda, aletwe darasani kwako.

Tulifanya hivyo asubuhi arobaini na moja. Tai alitua mbali, au akanipa mgongo, au hakuja kabisa. Maji nilikunywa kwa kuonja tu nisije nikalazimika kutoka. Nilichoka, dada, uchovu ambao hata usingizi hauuondoi. Na mhariri alikuwa ameshasema msimu ukiisha bila picha, hatanituma tena. Baba naye alichoka. Nilimwona anavyohema akipanda, na kesho yake nikamwamsha tena.

Niliwaambia kwamba siku ile ya picha Baba aliteleza kule chini, mbali, na kwamba nilimkuta nilipomaliza kazi. Mkanisifu kwa kumbeba mgongoni mpaka barabarani. Shemeji akaniita simba.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia hapa. Baba aliteleza karibu. Nilisikia mawe yakiporomoka, kisha nikamsikia akiniita kwa jina langu la utotoni, mara moja. Tai alikuwa ndiyo kwanza ametua mbele yangu, na nyoka kwenye kucha. Nikajiambia mzee amejikwaa tu, atainuka. Nikapiga picha. Nikaendelea kupiga kwa karibu saa nzima, mpaka tai aliposhiba akaruka.

Baba hakuita tena. Nilipomfikia, amelala juu ya mawe, mguu umepinda, swali lake la kwanza lilikuwa kama nimempata tai. Nikamwambia nimempata. Daktari alipomuuliza kama aliita msaada, alijibu hapana, huku akinitazama mimi.

Watu wanaisifu picha kwa jinsi tai alivyogeuza kichwa. Wanasema anatazama mbali kama mfalme. Hakutazama mbali. Alisikia sauti ya Baba, akageuka. Mimi sikugeuka.

Kwa hiyo usiitundike, nakuomba. Jumamosi nakuja mikono mitupu, nikupokee kazi ya kumwogesha na kumlisha, upumzike kidogo. Baba anajua kila kitu. Wewe ndiye uliyekuwa hujui, na wewe ndiye unayembeba kila siku. Ukiona heri nisivuke kizingiti chako, nitakaa nje kwenye ngazi mpaka uniambie niondoke.

Wasalimie shemeji na watoto. Baba usimpe salamu zangu, nitampa mwenyewe kama utaniruhusu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba